Kicheko cha Mama Mfagizi

Watu waliomjua kwa maandishi yake tu walimwita Mama Mfagizi, na jina hilo alilipenda. Miaka iliyopita yeye ndiye aliyeandika ile sehemu ya mashine pepe inayofagia kumbukumbu ya kompyuta, yaani kutupa vitu ambavyo programu hazivitumii tena. Mashine pepe yenyewe si chuma wala plastiki. Ni programu inayosoma lugha fulani wanayoandikia wataalamu wa kompyuta, ikaitekeleza popote ilipowekwa: kwenye simu, kwenye kompyuta za ofisini, hata kwenye vijidude vya madukani. Haikuwa ya kampuni. Yeyote aliweza kuichukua bure, akaifungua tumboni na kuirekebisha, mradi marekebisho yake yajadiliwe mbele ya wote na yakubaliwe. Na katika mambo ya kufagia, hakikupita kitu bila Mama Mfagizi kukipitisha.

Alikuwa hodari, hilo hakuna aliyelibisha. Ila ulimi wake ulikuwa wembe. Aliyeleta kazi mbovu alipewa vidonge vyake hapo hapo, hadharani, tena kwa maneno ya kuchekesha ambayo wengine waliyanukuu baadaye. Mwenyewe alisema hana muda wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wakati huo alikuwa anauguza. Baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho. Jicho moja lilifungwa bandeji, na lile jingine siku nyingi lilikuwa likiona ukungu tu. Hospitali ilikuwa karibu na kwao, kwa hiyo mzee akaletwa akae hapo mpaka apone. Mumewe ni mpima ardhi, na alikuwa amekwenda mbali kikazi, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, mkwe na mkwewe. Ili amsikie mzee akiita, Mama Mfagizi aliacha kuvaa hedifoni, akawa anafanya vikao vyake mlango wazi. Hakuwaza kwamba mlango unaopitisha sauti kuingia ndio huo huo unaoipitisha kutoka.

Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa utani. Akitaka chai alipaza sauti kutoka sebuleni: "Mwanangu eeh! Hiyo chai bado inachumwa shambani?" Naye humjibu, "Imeshachumwa, baba, sasa inakaushwa!" Wakacheka, kila mtu upande wake wa ukuta.

Asubuhi moja kukawa na kikao cha mtandaoni. Ajenda ilikuwa tabia moja ya mfagizi iliyowakera watu tangu zamani: akianza kufagia, husimamisha kila kitu. Programu zote hutulia tuli mpaka amalize, ndipo ziendelee. Ni kitambo cha kufumba na kufumbua, lakini mtumiaji hukiona. Mama Mfagizi alikuwa na dawa yake tayari: badala ya mfagizi mmoja, wawekwe wengi wafagie kwa pamoja, kusimama kuwe kufupi. Kazi hiyo alikuwa ameshaiandika na ilikuwa inangoja kutolewa.

Pendekezo la pili lilitoka kwa mgeni aliyejiita Nukta. Kazi zake ndogo ndogo zilikuwa zimeshakubaliwa, lakini hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Yeye alitaka mfagizi afagie kona kwa kona huku wenye nyumba, yaani programu zenyewe, wakiendelea na shughuli zao, pasiwe na kusimama kabisa.

Mwasisi wa mradi, bwana mpole asiyependa magomvi, ndiye aliyeongoza kikao. "Nukta, karibu," alisema. "Tumezoea kukusoma. Leo tukusikie."

"A-asanteni," sauti ilijibu. Picha yake ilikuwa imezimwa. "Wazo langu ni kwamba mfagizi asi... asi..." Kikapita kimya. "Asi..."

Kimya kikawa kirefu. Mama Mfagizi akasogea kwenye maiki.

"Jamani, huyu naye kasimamishwa na mfagizi? Basi tungoje vumbi liishe ndipo aendelee!"

Kicheko kililipuka kutoka pande zote za kikao. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, akapiga na meza. Baadaye alijiambia kwamba alidhani mtandao wa yule bwana umekatika. Lakini moyoni alijua. Mtandao ukikatika sauti hupotea moja kwa moja, haigongi mlango uleule mara tatu.

Nukta alijikaza, akaeleza hivyo hivyo kwa shida. Alipomaliza, Mama Mfagizi hakumwacha apumue.

"Kaka, ulisoma ulichoandika kabla ya kukituma? Hebu sikiliza. Mfagizi anapita vyumbani anatia alama vitu vinavyotumika, na kisicho na alama kinatupwa. Sivyo? Kamaliza jikoni, katoka. Nyuma yake mtu anachukua sufuria chumbani analipeleka jikoni. Mfagizi akifika chumbani, halipo. Halikupata alama popote, kwa hiyo linatupwa, na ugali wa watu umo ndani!"

"Ndiyo maana nimeweka m-mlinzi," Nukta alisema. "Kwenye mlango. Kila kinachohamishwa a-anakiandika."

"Kila mlango mlinzi! Kila sufuria lisimamishwe likaguliwe! Umetuletea mfagizi au umetuletea forodha?"

Wakacheka tena, safari hii kidogo kidogo, kama watu wanaotazamana kwanza.

"Na huyo mlinzi mwenyewe umemwandika vibaya, mara nyingine analala. Nenda kasome kwanza. Ukishajua kushika ufagio, ndipo uje utufundishe kufagia."

Mwasisi alikohoa. "Nadhani... nadhani hoja zimeeleweka. Nukta, una la kuongeza?"

"Hapana," Nukta alisema. "Naondoa pe-pendekezo." Jina lake likatoweka kwenye skrini kabla hajaagwa.

Kwa haki, kuhusu yule mlinzi anayelala Mama Mfagizi alikuwa sahihi. Ile sehemu ilikuwa imeandikwa ovyo. Alifunga laptopu akijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kushinda kesi, akaenda sebuleni kumwona mzee.

Mzee alikuwa ameketi wima kwenye kochi, mikono juu ya magoti.

"Baba, nikuletee chai?"

"Kama huna kazi nyingi, mama," mzee alisema. "Kama una kazi, acha tu. Si lazima."

Alishangaa kidogo. Kwanza "mama", badala ya "mwanangu". Pili huo upole. Akadhani ni maumivu ya jicho. Akamletea chai, naye mzee akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru kama mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoijua.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Sauti ya "mwanangu eeh" haikusikika tena. Alipomuuliza mzee kama anahitaji kitu, alijibiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Dawa ya jicho, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akimtilia, siku moja akakuta mzee ameshajitilia mwenyewe, nusu yake imemwagikia shavuni na kwenye kola ya shati. Alimwuliza mwuguzi kwa simu. Mwuguzi akasema wagonjwa wa macho hununa, avumilie. Akavumilia, na kusema kweli kile kimya kilimfaa, maana kilimpa nafasi ya kufanya kazi.

Mpaka aliposikia kishindo jikoni.

Alikimbia akamkuta mzee amepiga magoti sakafuni. Chupa ya chai ilikuwa imeanguka na kioo cha ndani kimesambaa kila mahali, chai imetapakaa. Mzee alikuwa akikusanya vipande kwa kupapasa, na kiganja chake kilikuwa kinavuja damu.

"Baba! Acha, acha usiguse! Kwa nini hukuniita?"

Mzee alirudi nyuma. Alirudi kweli, bega likagonga kabati, akauinua mkono wenye damu mbele ya uso kama mtu anayejikinga.

"Usinikasirikie, mama. Nitalipia."

"Ulipie nini, baba? Nani amekasirika?"

Alimshika mkono akamkalisha kwenye kiti, akaanza kumsafisha kwa maji. Kidonda hakikuwa kikubwa. Bandeji ilipokwisha kufungwa, mzee akasema kwa sauti ndogo, uso wake umeelekea ukutani:

"Siku ile nilikusikia ukimsema yule mtu. Yule mwenye kigugumizi. Nilidhani labda ameiba, unamfukuza kazi. Nikawaza, kama yule mwenye macho yake mawili anasemwa vile, mimi ninayemwaga chai nitasemwaje?"

Mama Mfagizi alihisi uso unamwiva mpaka masikioni.

"Alikosa nini yule?" mzee aliuliza. Hakuuliza kwa kumsuta. Alitaka kujua tu.

Alitaka kueleza habari za alama na mlinzi na sufuria, akaacha. "Alileta wazo, baba."

"Wazo baya?"

"Hapana... Halikuwa baya sana."

"Aa," alisema mzee. Na Mama Mfagizi akapiga magoti pale pale alipokuwa amepiga mzee, akaokota vioo, kwa kuwa hakuweza kusimama amtazame. Katika desturi zote alizolelewa nazo, mkwe ni mtu ambaye hata kandambili huvuliwa mlangoni kwake zisilie. Naye alikuwa amemfanya mkwe wake ajikinge uso.

Aliahidi moyoni kwamba atamwandikia Nukta. Lakini jioni akaona ataandika kesho, na kesho yake akaona watu watauliza kumezuka nini. Aibu ya nyumbani akaizika nyumbani. Kwa mzee alijitahidi, akawa anazungumza naye kwa sauti ya chini, akamsomea hata magazeti. Mzee alisikiliza, akashukuru, na aliendelea kumwita "mama".

Kisha toleo jipya likatoka, likiwa na wafagizi wengi wa Mama Mfagizi ndani yake. Pongezi zilimiminika. Kabla hazijaisha ukaingia ujumbe wa fundi mmoja anayeangalia mageti ya kituo cha treni, yale ya vyuma vinavyozunguka abiria akigusisha kadi. Mageti hayo yanaendeshwa na vikompyuta vyenye prosesa moja tu, yaani ubongo mmoja wa kufanyia kazi, tena dhaifu. Wafagizi wengi kwenye prosesa moja ni wafagizi wengi wanaogombea ufagio mmoja. Badala ya kusimama kufupika, kulikuwa kumerefuka kuliko zamani. Fundi alikuwa ameambatanisha na video. Bwana mmoja mwenye suti anagusisha kadi, taa inawaka kijani, anapiga hatua kwa kujiamini, chuma kinagoma, kinamkita chini ya kitovu. Anajikunja. Wa nyuma yake anamkumba, wa nyuma ya huyo naye anamkumba. Ndipo chuma kinazunguka taratibu, kama kilikuwa kinafikiria.

Video ilisambaa kwenye jukwaa la mradi mtandaoni, na watu wakaicheka mpaka basi. Mmoja aliandika chini yake: "Tungoje vumbi liishe ndipo apite." Mama Mfagizi aliyatambua maneno hayo mara moja. Yalikuwa yake.

Kikao cha dharura kikaitishwa. Safari hii alifunga mlango, kisha akaona ni bure, akaufungua tena. Waliohudhuria walikuwa wale wale, isipokuwa Nukta.

"Kosa ni langu," alianza. "Sikufikiria vikompyuta vidogo. Lakini naomba niulize, toleo hili lilijaribiwa. Hakuna aliyeliona hili?"

Mwasisi alitazama pembeni. Mwishowe dada anayesimamia majaribio akawasha maiki yake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na Mama Mfagizi alimhesabu kuwa rafiki.

"Mimi niliona," alisema.

"Uliona? Lini?"

"Kabla ya kikao kile cha Nukta. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nukta akaanza yeye, nikaona alivyopokewa. Nikaufyata."

"Lakini mimi na wewe, dada... Wewe ungeniambia tu."

"Nilikuwa na mawili. Nikwambie mimi, ucheke mbele ya watu, au nikae kimya vyuma vikwambie vyenyewe." Alivuta pumzi. "Nimefanya vibaya, abiria wameumia bure. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na si mimi peke yangu."

Sauti nyingine, ya kijana wa nyaraka ambaye kwa kawaida haongei, ikasema, "Hata mimi niliona." Mwasisi naye, akiwa bado anatazama pembeni, akakiri kwamba alikuwa na wasiwasi, ila hakutaka ugomvi.

Miaka yote ile Mama Mfagizi alipotoa hoja na wengine wakanyamaza, alikuwa amekichukulia kimya hicho kuwa ni kukubali. Sasa alikaa mbele ya nyuso zao ndogo zilizopangwa kwenye skrini, na hakujua aangalie upi. Angependa mtu amfokee. Hakuna aliyemfokea. Walikuwa wanangoja aseme, kama walivyozoea, na wengine walionekana wazi wamejikunyata kidogo.

"Nisameheni," alisema. Neno lilitoka dogo mno kwa kazi iliyokuwepo. Kisha akaomba wazo la Nukta lirudishwe mezani, na dada wa majaribio aliongoze, si yeye.

Siku hiyo hiyo alimwandikia Nukta. Barua ya kwanza ilikuwa ndefu, imejaa "nilidhani mtandao wako" na "nilikuwa nauguza" na "kazi ilinielemea". Aliisoma akaona ni mtu anayejitetea mahakamani, akaifuta. Ya pili ilikuwa ya siri, ya wao wawili tu. Aliposhika kitufe cha kutuma, akaona hapana, mtu aliyevuliwa nguo sokoni havishwi uchochoroni. Akaifuta nayo. Mwisho aliandika pale pale jukwaani, chini ya lile pendekezo lililoondolewa, watu wote wakiona: kwamba alimcheka mwenzake kwa namna Mungu alivyomuumba kuongea, kwamba alijua anachokifanya, kwamba wazo lilikuwa zuri naye alilizima kwa sababu lilikuwa linashindana na lake. Akaomba radhi.

Wengine walimpongeza kwa ujasiri, na zile pongezi zilimchoma kuliko tusi.

Jibu la Nukta lilichelewa, mpaka akadhani halitakuja. Lilipokuja lilikuwa fupi.

"Nimekusamehe, dada. Wazo litumieni, nimelitoa kwa moyo mmoja, na kweli mlinzi nilimwandika vibaya. Ila mimi sirudi. Siku ile nilikuwa nimemwita binti yangu aketi karibu nami asikilize, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea mbele ya watu wengi hivyo, na nilikuwa nimefanya mazoezi naye. Alipowasikia mnacheka aliniuliza, baba, wanacheka nini? Nikamwambia, kuna mtu kasema jambo la kuchekesha. Naye akacheka, maskini, ili awe upande wetu. Kuanzia hapo kila nikifungua mradi wenu nasikia kile kicheko chake. Kazi njema."

Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Hakulia. Kulia kungekuwa ni kutaka kuhurumiwa, na hakuona nani amhurumie.

Kazi ikaendelea. Mfagizi wa kona kwa kona aliundwa, taratibu, na dada wa majaribio aliongoza vikao kwa namna nyingine kabisa. Alimwacha kila mtu amalize, hata aliyekosea. Mama Mfagizi alipewa kumwandika mlinzi wa mlangoni upya. Aliandika, wengine wakamkosoa, akarekebisha. Juu ya kazi yote aliweka jina la Nukta kwanza. Mara kadhaa mtu alisema upuuzi kikaoni, na yeye akahisi utani umeshamjaa mdomoni, mtamu, tayari. Akaumeza. Haukuwa unashuka kirahisi, na aliogopa kujua ni wangapi aliowahi kuwatemea.

Bandeji ya mzee ikafunguliwa, jicho likaona. Mume akarudi kutoka safari, amechomwa na jua, akawakuta wote sebuleni. Alimsalimia baba yake, akamshika mabega, akamtazama lile jicho.

"Shikamoo, baba. Na huku ulitunzwa vipi? Maana huyu mke wangu na kompyuta yake, mimi mwenyewe hunisahau."

Mama Mfagizi alikuwa ameingia na sinia. Alisimama mlangoni. Mzee aligeuza uso, na kwa mara ya kwanza tangu afike nyumba ile akamtazama usoni sawasawa. 

"Marahaba. Nimetunzwa, mwanangu," alimwambia mwanawe. "Hata wewe usingeniweza hivyo. Hakunifokea hata siku moja."

Na hilo lilikuwa kweli kabisa, neno kwa neno. Mume akageuka akamtazama mkewe kwa fahari, macho yanang'aa. Mama Mfagizi aliweka sinia mezani, akasema amesahau sukari, akarudi jikoni. Sukari ilikuwa kwenye sinia. Alifungua bomba, akasimama hapo mikono ikiwa chini ya maji, akiwasikiliza baba na mwana wakicheka sebuleni, mpaka mumewe alipoita kuuliza kulikoni.